Mafuta ya Akina Ewing: Historia ya Tamthilia ya Dallas

Mapema Oktoba 1930, katika mashamba yaliyochoka ya mashariki ya Texas, kisima kilichoitwa Daisy Bradford Namba 3 kilirusha mafuta juu. Aliyekichimba, Columbus Joiner, alikuwa na umri wa miaka 70, mtafutaji wa kubahatisha aliyetumia mitambo mikuukuu na pesa za wanakijiji aliowauzia hisa, nyingine akiziuza kwa zaidi ya mtu mmoja. Kesi zikaanza kumwandama. Mwezi uliofuata, katika hoteli moja ya jijini Dallas, alikaa na H. L. Hunt, mcheza karata aliyegeuka mfanyabiashara wa mafuta, na kabla hawajaachana alikuwa amemwuzia kila alichokuwa nacho kwa dola milioni 1.3 na ushei. Taslimu alipewa 30,000 tu. Zilizobaki zingelipwa kwa mafuta yenyewe.

Alichokiuza Joiner kilikuwa kipande cha hazina ya mafuta iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizokwisha kugunduliwa Marekani hadi siku hiyo, hazina ambayo imekwishatoa zaidi ya mapipa bilioni 5. Alifariki mwaka 1947 akiwa hana mali ya maana. Hunt akaja kutajwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa duniani.

Anayeijua habari hiyo akitazama tamthilia ya Dallas hawezi kukosa kuikumbuka. Humo mnasimuliwa kwamba zamani, miaka ya 1930, Jock Ewing na Digger Barnes walikuwa washirika. Digger alijaliwa pua ya kunusa mafuta chini ya ardhi, na Jock alijua hesabu na karatasi. Visima vilipoanza kutoa, vikaonekana vimeandikishwa kwa jina la Jock peke yake. Jock akamwoa pia Eleanor Southworth, binti wa ranchi ya Southfork ambaye Digger alimpenda. Digger akaishia kwenye chupa, na watoto wake wakarithi kinyongo. Kutokana na kinyongo hicho zilitoka sehemu 357 zilizorushwa na kituo cha CBS kuanzia tarehe 2 Aprili 1978 hadi tarehe 3 Mei 1991, zikaonyeshwa katika nchi zaidi ya 90.

Wengi waliandika kuhusu Dallas kana kwamba ni hadithi ya nguo, magari na usaliti wa kitandani. Mimi naiona kuwa hadithi ya mirathi, na ndiyo maana siasa zake zimepita bila kutambuliwa. Kwa miaka 13 watazamaji walialikwa kuchagua ni mwana yupi wa Jock anayestahili kuyamiliki mafuta. Hawakualikwa hata mara moja kuuliza kwa nini mafuta yawe ya mwana yeyote.

Jibu la swali hilo ambalo halikuulizwa limo katika sheria ya Texas. Pale mwenye ardhi ndiye mwenye kilicho chini yake, na anaweza kukiuza kilicho chini akabaki na ardhi ya juu, au kuuza ya juu akabaki na cha chini. Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya hili halina budi kuelezwa, maana kwetu mkulima akigundua mafuta chini ya shamba lake hayawi yake. Sheria ya Petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 inayafanya kuwa mali ya Jamhuri, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inayahesabu pamoja na ardhi ya umma. Familia ya Ewing isingewezekana Mtwara wala Turkana. Miss Ellie, yaani Eleanor mke wa Jock, asingeweza kukaa mezani Southfork akasema kwamba chini ya ranchi ya baba yake kuna mafuta na yeye hataki yachimbwe, na neno lake likawa la mwisho.

Mahakama za Texas ziliongeza jingine. Mafuta hayajui mipaka ya mashamba, yakivutwa huku hutiririka kutoka kule. Kwa hiyo zilikubali kwamba aliyeyatoa kwanza ndiye mwenyewe, hata kama yalianzia chini ya jirani. Mwenye shamba anayesubiri ni mwenye shamba anayeibiwa kihalali. Matokeo yalionekana mara tu baada ya kisima cha Joiner. Kila mtu mashariki ya Texas alichimba upesi kadiri alivyoweza, na kufikia katikati ya 1931 pipa lililokuwa likiuzwa karibu dola moja halikufika hata senti 15. Watu waliojisifu kwamba hawahitaji serikali wakaanza kuililia. Agosti mwaka huo Gavana Ross Sterling, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya mafuta ya Humble, alituma askari wakafunge visima. Baadaye kazi ya kumpangia kila mchimbaji kiasi cha kutoa ikashikwa na Tume ya Reli ya Texas, chombo kilichoundwa kusimamia treni na ambacho kwa miongo minne hivi kikawa mlinzi wa bei ya mafuta duniani. Juan Pablo Pérez Alfonzo wa Venezuela aliisoma tume hiyo kwa makini kabla ya kushiriki kuanzisha OPEC mjini Baghdad mwaka 1960.

Nalikazia jambo hili kwa kuwa ndilo lililofichwa ndani ya ngano ya mtafutaji mafuta wa Texas, yule mwanamume wa peke yake, asiyemtegemea mtu, anayechukia kodi na makaratasi ya Washington. Utajiri wake ulilindwa na mgao uliopangwa na serikali, na kuanzia mwaka 1926 ulilindwa pia na sheria ya kodi iliyomruhusu kuondoa asilimia 27.5 ya mapato ya kisima kabla ya kukadiriwa kodi. H. L. Hunt alitumia sehemu ya fedha zilizopatikana chini ya ulinzi huo kugharamia vipindi vya redio vya kuishambulia serikali, kwanza Facts Forum, halafu Life Line.

Jiji la Dallas lenyewe halikukaa juu ya mafuta. Lilikua kwa pamba, bima na benki, na benki zake zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kukubali mafuta ambayo bado yako ardhini yawe rehani ya mkopo. Matajiri wa visima walihamia huko kwa sababu fedha zilikuwa huko. Mwaka 1963 Rais John F. Kennedy akauawa katika barabara zake, na kwa miaka mingi jina la Dallas likawa na doa mbele ya Wamarekani na walimwengu. Lilisafishwa na mhusika wa kubuni, tena mwovu. Siku hizi wageni wanaofika Texas hupanda mabasi kwenda kuiona nyumba nyeupe ya Southfork, huko Parker, nje kidogo ya jiji.

Aliyeibuni tamthilia hii, David Jacobs, alikuwa mtu wa Baltimore, na alipoandika sehemu ya kwanza alikuwa hajawahi kutia mguu Texas. Alikuwa amependekeza tamthilia ya ndoa za watu wa kawaida wanaoishi mtaa mmoja. CBS wakamtaka alete kitu chenye ukwasi zaidi. Kisa chake cha awali kilikuwa cha msichana, Pamela Barnes, anayeolewa na Bobby Ewing na kuingia katika nyumba ya maadui wa baba yake. Kaka mkubwa wa Bobby, J.R., alikuwa mpinzani wa pembeni tu. Lakini aliyepewa nafasi hiyo, Larry Hagman, alikuwa mzaliwa wa Fort Worth, na aliyajua maisha ya wanaume wa aina hiyo: kofia, tabasamu, adabu kwa mama, na mkono wa pili unaochomoa kisu. Haikupita muda, tamthilia ikawa yake.

Wakati nao ulimsaidia. Vikwazo vya Waarabu vya Oktoba 1973 vilikuwa vimepandisha pipa kutoka karibu dola 3 hadi karibu 12. Mapinduzi ya Iran ya 1979 yakalipeleka juu ya dola 30. Wamarekani walipanga foleni vituoni, na Julai mwaka huo Rais Jimmy Carter alikaa mbele ya kamera akawaambia kwamba taifa limepoteza imani na limezoea kuabudu starehe. Watazamaji walewale, kila Ijumaa usiku, walikuwa wakiitazama familia iliyotajirika kwa bei ileile iliyowatesa wao. Bei hiyo ilifika mbali. Tanzania, magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Akina Ewing wenyewe Watanzania bara hawakuwaona: televisheni ilikuwapo Zanzibar tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini bara ilikuwa haijaanza.

Watunzi wa Dallas hawakuikimbia dunia hiyo. Katika msimu wa 1979 hadi 1980, J.R. aliiweka Southfork rehani bila mama yake kujua ili apate fedha za kuchimba mafuta katika nchi isiyotajwa jina, Asia ya Kusini Mashariki. Visima vikatoa. Kisha akanong'onezwa kwamba serikali ya huko iko karibu kuvitaifisha. J.R. hakumwambia mtu. Aliwaita matajiri wenzake na meneja wa benki, akawauzia sehemu kubwa ya visima kama mtu anayewafanyia hisani, na siku ya pili yake habari za utaifishaji zikatangazwa. Wenzake wakafilisika. Ndiyo sababu, aliporudi ofisini usiku wa tarehe 21 Machi 1980 na mtu asiyeonekana akampiga risasi mbili, orodha ya wenye kisasi naye ilikuwa ndefu.

Wanaokumbuka risasi hizo ni wengi, wanaokumbuka kilichozitangulia ni wachache. Huo utaifishaji ulikuwa jambo kubwa la zama hizo. Libya, Iraq, Iran, Venezuela na Saudi Arabia, kila moja kwa njia yake, zilikuwa zimekwisha kuyatwaa mafuta yao au zilikuwa njiani. Kwa watu wa nchi hizo ilikuwa sehemu ya uhuru. Katika Dallas ilikuwa balaa la mbali, kama mvua ya mawe, lililomwangukia asiye na habari na kumkwepa mjanja. Watu wa ile nchi hawana uso wala neno. Na msimu uliofuata J.R. alitoa fedha za kuipindua serikali hiyo ili visima virudi, na Bobby, aliyekuwa seneta wa jimbo, akalazimika kukaa katika kikao cha kumchunguza kaka yake. Mwezi Agosti 1953 Uingereza na Marekani zilikuwa zimefanya jambo lenye sura hiyohiyo Iran, dhidi ya Waziri Mkuu Mohammad Mossadegh, baada ya yeye kutaifisha mafuta. Tamthilia ya burudani ya Ijumaa ilisema wazi kwamba kampuni ya mafuta inaweza kununua mapinduzi. Ikasema, halafu ikalirudisha jambo hilo sebuleni, likawa ugomvi wa ndugu.

Jibu la nani alimpiga risasi J.R. lilicheleweshwa na mgomo wa waigizaji, na katika kungoja huko Marekani ilikuwa na uchaguzi. Wafuasi wa Republican walivaa beji zilizosema aliyempiga ni Mdemokrat. Carter naye aliligeuza swali hilo kuwa utani alipokwenda Dallas kuchangisha fedha. Tarehe 4 Novemba Ronald Reagan alishinda. Tarehe 21 Novemba Wamarekani wapatao milioni 83 wakaambiwa kwamba mhusika ni Kristin, shemeji na hawara wa J.R. Mwezi Aprili mwaka huohuo Carter alikuwa ametia saini kodi maalumu ya faida ya ghafla ya makampuni ya mafuta. Januari 1981, siku nane tu baada ya kuapishwa, Reagan aliondoa udhibiti wa bei ya mafuta uliokuwa umebaki. Sidai kwamba J.R. alimpigia mtu kura. Ila wapiga kura walikuwa wamekwisha kuzoea kumtazama mwenye mafuta kama mtu wa kuvutia, na huko nyuma walizoea kumtazama kama mnyonyaji.

Jim Davis, aliyekuwa Jock, alifariki Aprili 1981. Watunzi hawakutafuta mwingine mara moja. Walimpeleka Jock Amerika ya Kusini kutafuta mafuta, helikopta ikaanguka. Kilichofuata ndicho, kwa maoni yangu, kilele cha tamthilia yote. Wasia wa Jock ulifunguliwa, na ukasema kampuni igawanywe mara mbili: nusu kwa J.R., nusu kwa Bobby, na baada ya mwaka mmoja mwenye faida kubwa zaidi atachukua nguvu ya kuendesha yote. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Baba huyu aliwafungia zizini kwa makusudi, na marehemu hawezi kubembelezwa abadilishe neno.

J.R. alimtishia kwa siri mtumishi wa serikali akapata kibali cha kutoa mafuta kupita mgao, kutoka kwa Tume ya Nishati ya Texas, chombo ambacho mtazamaji wa Texas hakuhitaji kuambiwa kimechorwa kwa kufuata kipi. Akiwa na mafuta mengi kuliko wenzake, akafungua vituo vya petroli ya bei nafuu. Foleni zikaja, wananchi wakamshangilia, akatokea kwenye televisheni akijieleza kama mtetezi wa dereva wa kawaida dhidi ya walafi na warasimu. Sijui kama kuna somo la siasa za mafuta lililoandikwa vizuri zaidi kwa televisheni. Aliyevunja utaratibu kwa vitisho alipendwa kwa sababu matunda ya uvunjaji huo yalifika kwenye tangi la mnyonge. Kisha akajaribu kuiuzia Kuba, nchi ambayo serikali yake mwenyewe ilikuwa imeikataza biashara, na akaonja jela ya huko.

Bobby ndiye aliyekuwa mwema wa familia. Ili kukifuta kibali cha kaka yake alimwekea mjumbe wa tume mtego wa mwanamke, akamtisha kwa ushahidi huo. Pamela, mkewe, alimwacha alipoona anavyogeuka. Miss Ellie alikwenda mahakamani kutaka wasia wa mumewe ubatilishwe, akashindwa. Mwisho wa mwaka ndugu wakakubaliana kugawana. Watunzi waliofika hapo walikuwa wameona mbali: mali ile haikumharibu mwovu, maana alikuwa ameharibika tangu mwanzo. Ilimharibu mwadilifu. Hawakwenda hatua moja zaidi. Dawa waliyoitoa ni ndugu wapatane.

Miss Ellie, aliyeigizwa na Barbara Bel Geddes, ndiye aliyebeba thamani nyingine ya Texas, ile iliyokuwapo kabla ya visima: ardhi na ng'ombe, na neno la baba aliyekwenda. Msimu wa nne, Jock alipotaka kujenga eneo la starehe mahali paitwapo Takapa, Miss Ellie alisimama hadharani upande wa wanawake wenzake waliolipinga kwa kuitetea ardhi, na ndoa ya miaka mingi ikayumba. Hata hivyo ranchi ile haikujilisha. Ililishwa na mafuta ya mume. Wanawake wengine wa Southfork walikuwa na nguvu kwa kiasi walivyokuwa wake, wajane au mama wa mrithi. Sue Ellen alitumia miaka kumi na zaidi, vituo vya kutibia ulevi na vitisho vingi kabla hajatoka chini ya kivuli cha J.R.

Wafanyakazi nao wako wapi? Kisima hakichimbwi na kofia. Kinachimbwa na watu wenye mikono iliyopondeka, wanaolala kwenye matrela, wanaofukuzwa bei ikishuka. Katika Dallas hao ni mandhari. Nyumbani, Teresa na Raoul wanafungua milango na kuleta kahawa. Mfanyakazi mmoja tu alipewa maisha kamili, Ray Krebbs, msimamizi wa ranchi, mtu wa jasho aliyependwa na watazamaji. Mwishowe ikafichuliwa kwamba naye ni mtoto wa nje wa Jock. Sehemu hiyo inanisumbua kuliko hila zote za J.R. Mtu wa kazi hakuweza kuwa na heshima yake mwenyewe. Ilibidi atafutiwe damu ya mwenye mali.

Nje ya Marekani tamthilia hii ilizua mjadala ambao wenyewe hawakuutarajia. Katika mkutano wa UNESCO wa utamaduni uliofanyika Mexico City mwaka 1982, Jack Lang, Waziri wa Utamaduni wa Ufaransa, alishambulia ubeberu wa fedha na akili, na kila mjadala wa aina hiyo ulipozuka Ulaya, Dallas ndiyo iliyotolewa mfano. Wataalamu watatu hawakuridhika na kelele, wakaenda kuwauliza watazamaji. Wa kwanza alikuwa Ien Ang, Uholanzi, aliyeweka tangazo katika jarida la wanawake akapata barua 42. Aliona kwamba waandishi wake, pamoja na kulaani utajiri wa Marekani, walikuwa wakiitambua huzuni: familia haishiki, furaha haidumu, na hilo lilikuwa kweli kwao hata kama hawajawahi kuona kisima.

Tamar Liebes, akiwa pamoja na Elihu Katz, alikwenda mbali zaidi. Walikusanya marafiki na majirani sebuleni nchini Israel, Waarabu, Wayahudi kutoka Moroko, wahamiaji wa kutoka Urusi ya Kisovieti na watu wa kibutsi, pamoja na Wamarekani wa Los Angeles, wakawaonyesha sehemu moja kisha wakawataka waisimulie. Warusi walishuku: walisema kuna ujumbe umefichwa na kuna mtu anawatia maneno kichwani. Waarabu na Wamoroko walisimulia kisa kwa mpangilio, wakishika nani ni mtoto wa nani. Kundi moja la Waarabu lilisema Sue Ellen alipomkimbia mumewe na mtoto alirudi kwa baba yake. Katika kilichoonyeshwa alikwenda kwa hawara wake wa zamani, aliyekuwa akiishi na baba yake. Walikuwa wameona kwa macho na wakasahihisha kwa mila, maana mke mwenye haki, akidhulumiwa, hurudi kwao. Lang angewasikia watu hawa, angeona ubeberu una kazi ngumu kuliko alivyodhani. Na Japani, ambako hakuna aliyeupinga kwa hotuba, kipindi hakikupendwa kikaondolewa.

Romania ilikuwa na kisa chake. Nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa duniani kuzalisha mafuta kibiashara, kabla ya Texas. Utawala wa Nicolae Ceaușescu uliiruhusu Dallas kwenye televisheni ya taifa mwishoni mwa miaka ya 1970, ikidhaniwa kwamba uovu wa J.R. ungewachukiza watu ubepari. Watu walitazama uovu, na wakatazama pia meza iliyojaa chakula na nyumba yenye joto. Kipindi kikaondolewa. Katika miaka ya 1980 mkate na umeme vilikuwa vya mgao, na televisheni yenyewe ikapunguzwa hadi saa mbili kwa siku. Baada ya utawala kuanguka, tajiri mmoja mpya alijenga mfano wa nyumba ya Southfork katika mji wa Slobozia.

Marekani nako upepo ulikuwa umegeuka. Mei 1985 Bobby alikufa kwa kugongwa na gari. Mei 1986 Pamela akaamka akamkuta bafuni anaoga, na msimu mzima ukatangazwa kuwa ndoto. Watu walicheka, wengine waliudhika. Lakini katika miezi ileile ya ndoto, mafuta halisi yaliporomoka. Saudi Arabia ilikuwa imechoka kujibana ili wengine wauze, ikafungulia, na kufikia katikati ya 1986 pipa lililowahi kupita dola 30 lilikuwa karibu dola 10. Texas ilipigwa vibaya. Majengo ya ofisi yalibaki matupu, na kabla muongo haujaisha benki tisa kati ya kumi kubwa za jimbo hilo zilikuwa zimeanguka au zimechukuliwa na wenye fedha kutoka nje. Zile benki zilizokubali mafuta ya ardhini kuwa rehani zilikuta rehani imeyeyuka.

Hilo halikuweza kufanywa ndoto, na J.R. hakukubali kuwa bei ni jambo lililo nje ya mikono yake. Alimkodi mamluki, B.D. Calhoun, alipue visima vya Saudi Arabia ili bei ipande. Siri ikavuja, serikali ya Marekani ikaingilia, na mwaka 1987 Ewing Oil ikavunjwa na mali yake ikanunuliwa na kampuni kubwa ya WestStar. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa na meno, na lililofuata ni wadogo kumezwa na wakubwa, jambo lililokuwa likitokea kweli Texas wiki baada ya wiki. Baada ya meli Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, meli ya akina Ewing nayo ikagongana na ya WestStar. Tamthilia ilipoisha mwaka 1991, Ewing Oil ilikuwa mikononi mwa Cliff Barnes, mtoto wa Digger. Deni la miaka ya 1930 likawa limelipwa, kwa familia nyingine.

Larry Hagman hakufanana kisiasa na mtu aliyemwigiza. Nyumbani kwake California aliweka mitambo mikubwa ya umeme wa jua, na mwaka 2010 alikubali kuvaa tena kofia ya J.R. katika matangazo ya kampuni ya nishati ya jua. Miaka miwili baadaye Dallas ilirudi kwenye kituo cha TNT na vijana wapya. Christopher, mtoto wa kulea wa Bobby, alitaka kuiongoza familia kwenye gesi ya barafu ya chini ya bahari, na majaribio yake yakahusishwa na tetemeko. John Ross, mtoto wa J.R., alichimba kwa siri Southfork na kuyakuta mafuta ambayo bibi yake alikataza yasiguswe. Hagman alifariki tarehe 23 Novemba 2012 kazi ikiendelea. Kituo kikaifunga tamthilia mwaka 2014, baada ya sehemu 40.

Mwaka huohuo, katika mji wa Denton, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Dallas kwa gari, jambo lililokosekana katika misimu yote lilitokea mchana kweupe. Uchimbaji mpya wa kupasua miamba kwa maji yenye shinikizo ulikuwa umesogea hadi karibu na nyumba na bustani za watoto. Wenye nyumba wengi hawakuwa na haki ya kilicho chini ya nyumba zao. Iliuzwa zamani, kwa watu wengine. Tarehe 4 Novemba 2014 wakazi walipiga kura kuupiga marufuku uchimbaji huo ndani ya mipaka ya mji, na marufuku ikashinda kwa karibu asilimia 59. Wenye mafuta wakaenda mahakamani asubuhi iliyofuata. Bunge la Texas likaandika sheria ya kuinyang'anya miji mamlaka hayo, na tarehe 18 Mei 2015 Gavana Greg Abbott akaitia saini. Mitambo ikarudi kazini.